Mkwe Wangu Alivyopandishwa Mlima Kinyumenyume

Najua wapo watakaosema mambo ya msibani hayasimuliwi kwa mzaha, nami nakubaliana nao, ila aibu niliyoipata siku ya kumzika mkwe wangu imeshasimuliwa na wengine kuanzia Gungu mpaka Kidahwe, kila mmoja akiongeza lake, basi bora mwenye aibu aisimulie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile tumeshahamishwa kutoka vilimani, tumepangwa kandokando ya barabara ya Kasulu, nyumba zimenyooka kama gwaride, ili tuendelee. Mkwe wangu naye alihama, akaendelea, na alipozidiwa akamwomba binti yake, yaani mke wangu Mama Asha, jambo moja tu: azikwe kule juu kwenye mahame, ubavuni mwa mkewe. Alipofariki, katibu wa tawi alituhurumia sana, akakubali, kwa sharti kwamba afuatane nasi ahakikishe kuwa tukishazika hatubaki huko kujenga. Na kwa kuwa mtu wa cheo hakai nyuma na jeneza, akapewa kiti cha mbele, pembeni yangu mimi dereva wa Landrova ya kijiji.

Sasa, hiyo Landrova. Propela shafti ya nyuma, lile bomba linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, kiungo chake kilikuwa kimekwisha, na kipuri kilikuwa kwenye treni kinakuja (kilikuwa kinakuja tangu masika). Kwa utaalamu wangu wa darasa la nne nikaifungua shafti yote, nikaiweka chini ya kitanda, nikaingiza giya ya magurudumu manne, gari likawa linavutwa na yale ya mbele peke yake. Barabarani lilikwenda vizuri tu. Wazee walikuwa tayari kulibeba jeneza mabegani, lakini kwa kuwa mlima ni mkali na jua lilikuwa linashuka, mimi nikawaambia, "Wazee wangu, gari lipo, kwa nini mchoke?" Ya shafti sikuyataja. Niliona yatawachosha pia.

Tukaswali, wanawake wakabaki nyumbani, tukaondoka. Mlima ulipoanza, uzito wote ukalalia nyuma, magurudumu ya mbele yakawa yanachimba mashimo tu. Nikafikiri, nikageuza gari, nikapanda kinyumenyume ili mzigo uyaelemee yale yanayofanya kazi, na kweli likapanda, nami nikajiona injinia.

"Ndugu Dereva," katibu akaniambia, "taifa zima linakwenda mbele. Wewe unatupeleka wapi?"

Nikamjibu tunakwenda makaburini, na kwa njia yoyote tutafika.

Nusu ya mlima, shemeji yangu Juma, aliyekuwa nyuma na jeneza, akagonga bati la paa. Maiti kwetu hutangulizwa kichwa, na sisi tulikuwa tumempakia kichwa upande wa injini, kwa hiyo tangu nigeuze gari mzee alikuwa anatangulizwa miguu kama gunia. "Shemeji," akasema, "hata kama mlikuwa hampatani, simama tumgeuze."

Nikasimama, nikavuta hendibreki, nikashuka kusaidia. Tukaligeuza jeneza kwa adabu zote, tukalirudisha, tukalifunga kamba. Katibu hakushuka. Yeye alikuwa anasaidia kwa njia yake: aliona hendibreki haijakaza vya kutosha, akashika mkono mwekundu wa giya ulio karibu nayo, akauvuta kwa nguvu zote.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo watu wanaponizulia. Kuuvuta ule mkono hakukuharibu kitu. Hendibreki ya gari lile haishiki gurudumu, inashika mahali shafti ya nyuma inapoanzia, na kwa kuwa shafti yenyewe ilikuwa chini ya kitanda changu, tulikuwa tunashikiliwa na magurudumu ya mbele tu, kwa kuwa giya ya magurudumu manne, inayoyaunganisha na hendibreki, bado ilikuwa imeingia. Ni kuurudisha ule mkono ndiko kunakoifungua giya hiyo. Yote hayo nayajua, nilikuwa nayajua hata siku ile, lakini nilipomwona ameshika kitu nikaingiwa na kiwewe nikamwambia, "Ndugu Katibu, rudisha ulivyoukuta."

Akatii. Ndiyo mara pekee aliyowahi kunitii.

Gari likaondoka taratibu, pua chini, mzee amelala nyuma, miguu mbele tena baada ya kazi yote ile, na katibu ameukumbatia usukani akikanyaga kila pedali isipokuwa breki. Sisi wanaume wazima tukakimbia nyuma ya jeneza kama watoto wanaofukuza tairi. Likavuka barabara, likaingia katika shamba la mihogo la ushirika, likasimama lenyewe mbele ya wanawake waliokwisha kumuaga. Kamba ilishika, namshukuru Mungu. Katibu naye alikuwa mzima, ila hakuwa na hotuba.

Mama Asha akatoka kwa wenzake akanijia. "Baba Asha," akasema, "nilikuomba umpeleke. Sikukuomba umrudishe."

Wazee wakafungua kamba. Wakalitoa jeneza, wakaliweka mabegani, kichwa mbele, nami nikaomba niingie chini ya ubao wa mbele wakaniruhusu, nadhani kwa kunionea huruma. Tulipofika juu tulimzika ubavuni mwa mkewe jua likiwa bado kidogo.

Niliporudi mke wangu aliuliza kama wazazi wake wamelala karibu. Nikamwambia karibu kabisa. "Haya," akasema, akajifuta macho kwa upande wa khanga, "sasa nenda ukatoe gari kwenye mihogo ya watu."

Tangu siku hiyo sijapandisha maiti mlimani kwa gari lisilo na shafti. Wazima wakitaka nawapandisha, maana wao mambo yakiharibika wanaweza kuruka.