Mkasi Uliokataa Kufa

Mama Pacha na Baba Pacha waliachana, watu wote wakajua, ila meza ya maabara haikuambiwa. Kila asubuhi walikaa palepale, bega kwa bega. Baba Pacha alikuwa wa kukata. Anatia kwenye kichupa tone la kimeng'enya kinachokata DNA mahali pamoja tu, kama mkasi uliofunzwa adabu. Mama Pacha alikuwa wa kuunga. Anapokea vipande, anatia kimeng'enya kingine, vinashikana. Halafu bakteria wanapewa DNA hiyo iliyoungwa. Aliyepata kilichoungwa sawasawa huota kwenye sahani yenye dawa, wengine hufa.

Mama Pacha aliomba ahamishiwe chumba cha mbegu, ng'ambo ya uwanja. Mkuu wa maabara, mama wa maneno mengi, akamwambia, "Mwanangu, niungie hiki kimoja tu, uende zako."

Akaunga. Sahani ikatoka tupu kama kipara. Akaunga tena. Tupu.

"Mkono wako umechoka," Baba Pacha alisema. "Au ni moyo?"

"Moyo wangu haumo kichupani. Kata, unyamaze."

Safari hii Mama Pacha alimtazama kwa pembe ya jicho. Kukata alikata vizuri. Lakini ukishakata, kichupa hutiwa kwenye maji ya moto ili kimeng'enya cha kukata kife. Baba Pacha hakukitia. Alikifunika akamsogezea polepole, kama anampa chai. Kumbe mkasi ulikuwa hai mle ndani! Anachounga yeye, wenyewe unakikata upya.

"Umekipasha?"

"Nimepitiwa."

"Mara zote?"

Akajikuna shingo. "Ukienda kule, mimi hapa nitakaa na nani?"

Mama Pacha angeweza kumshtaki. Lakini mwenzake akifukuzwa, wale pacha wao angewatazama kwa macho gani? Akakichukua kichupa, akakipasha mwenyewe, akasimama juu yake amekunja mikono, kisha akaunga.

Bakteria walipoota, sahani ilijaa vidoa kama upele wa joto. Mkuu akapiga vigelegele peke yake ukumbi mzima.

"Mama, ile ahadi," Mama Pacha alisema.

"Ahadi gani tena? Nyinyi wawili mmeweza kilichowashinda wenzenu, halafu mimi niwatenganishe? Nina wazimu? Vichupa vingine hivyo kwenye friji vinawangoja!"

Baba Pacha hakucheka. Alisogeza kiti chake kando kidogo, nafasi ya kiwiko tu. Mama Pacha akavaa glavu, akakaa.