Wazee Wawili Waliokwenda Kutazama Pango

Wasomaji wangu, fundi fremu tumemzika. Habari ilinifikia kabla sijamaliza chai, kwa simu ya jirani ambaye hajajaaliwa kutoa habari mbaya polepole: "Yule mzee wako kafa, anazikwa alasiri, na uje na mwavuli." Jina lake silitaji, kwa sababu angefurahi mno kuliona gazetini. Inatosha kujua kwamba umri wake wote aliupitisha katika kiduka kimoja cha mtaa wetu wa Malindi akitia vioo picha za harusi za watu, na kwamba hapakuwa na jambo chini ya jua asilokuwa na kauli juu yake. Amekwenda kwa maradhi ya moyo, usingizini, kimya kimya. Kwa mtu aliyependa kusikilizwa namna ile, naona hata yeye angelilalamikia jambo hilo.

Baraza yetu iko chini ya dirisha la nyumba yake. Kila baada ya sala ya alasiri tunakaa pale, tunacheza dhumna, tunakunywa kahawa, na tunaiendesha dunia vizuri kuliko wanaolipwa kuiendesha. Miaka ile ya korona, ilipokuja habari ya chanjo, fundi fremu alijiteua msemaji wa wote wasiotaka. Hoja zake zilibadilika kwa siku. Leo sindano ina kidude cha kumfuatilia mtu, kana kwamba kuna nchi ya kigeni iliyokosa usingizi kwa kutojua yeye kenda sokoni saa ngapi. Kesho inaua nguvu za kiume, na hapo wazee wenye umri wa kusahau habari hizo walikunja nyuso kwa wasiwasi mkubwa. Na maneno yote hayo aliyasema amevaa fulana isiyo na mikono, kovu la chanjo ya ndui linaonekana begani wazi kabisa. Tulipomkumbusha kwamba hata alipokwenda Hija alichanjwa bila kunung'unika, alijibu: "Ile ilikuwa ya Hija. Hii ya nini?"

Dawa yake yeye ilikuwa kujifukiza. Alichemsha majani ya mkaratusi, tangawizi na karafuu nyingi kupita kiasi, akaweka sufuria uani, akajifunika blanketi zito la manyoya, akatuita tushuhudie. Tulimsikia akikohoa mle ndani na kututolea darasa kwa wakati mmoja. Kisha akateleza kwenye kigoda, sufuria ikapinduka, na msemaji wetu akachomoka mwekundu kama pweza aliyeiva, anachechemea, pua inachuruzika. "Mnaona?" akatuambia. "Uchafu unatoka." Alitembea na bandeji mguuni wiki kadhaa, na kila aliyemuuliza aliambiwa kwamba tiba imefanya kazi.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Korona ilimchukua mwenzetu mmoja wa baraza, mtu mpole aliyezoea kukaa pembeni, na kwa siku chache hakuna aliyekuwa na hamu ya dhumna. Baada ya hapo nilimpeleka mama mkwe wangu kuchanjwa katika kituo cha afya upande wa Mangapwani, anakoishi. Nakuta kwenye benchi mzee mmoja kavaa miwani myeusi, barakoa imepanda hadi machoni, kofia ya kuazima imemkaa kwenye nyusi. Mwendo nikaujua, na bandeji nikaijua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, anajaribu sauti isiyo yake.

"Umefuata nini huku?"

"Nnakwenda kutazama pango."

Nilimwambia kwamba pango la Mangapwani ni zuri sana, lakini haliko kwenye chumba cha sindano. Hapo mlango ukafunguliwa akaingia mzee wa pili, hasimu wake mkubwa wa dhumna, yule aliyetuapia kwamba atachanjwa akishakuwa maiti. Walitazamana. Mzee wa pili akasema, bila hata kuulizwa, kwamba na yeye alikuwa anapita tu kuelekea pangoni. Muuguzi, binti mwenye haraka zake, alichungulia akasema: "Wazee wa pango, njooni basi mkunje mikono, foleni inasubiri." Wakaenda, mmoja nyuma ya mwingine, kama watoto wanaopelekwa kutahiriwa.

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Jioni ya pili yake wote wawili walikaa barazani, mabega yanawauma, wakaendelea kuilaani chanjo kama kawaida. Nami nikatazama jinsi mji wetu ulivyo. Tunazungumza habari ya upotofu kana kwamba unaletwa na wajinga, au na simu, au na wageni. Pale barazani upotofu uliletwa na watu wawili ambao walikuwa wameshajiokoa, wakaona haya tu kusema. Kwetu mtu kugeuza kauli hadharani ni aibu kubwa kuliko kuugua. Basi walio hatarini wakabaki wale waliokaa kimya na kuwaamini.

Mmoja wao alikuwa juu ya vichwa vyetu. Dada yake fundi fremu, mjane, alikaa naye nyumba ile ile, na dirisha lake ndilo lile linalotazama baraza. Alikuwa na pumu na sukari, mtu ambaye ugonjwa ule ungempata, tungemzika. Kila sheha wa mtaa na watu wa afya walipobisha hodi aliwarudisha kwa maneno mawili: "Kaka kasema." Kaka mwenyewe sasa hakulala. Alipanda ngazi, akamwambia taratibu kwamba heri akachanjwe. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe Bibi huyo, na bado anayasimulia kwa hasira.

"Si wewe uliyesema inaua?"

"Nilisema. Lakini mie mwenyewe nshachanjwa."

"Uliposema haifai ulisema kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Leo unakuja kuninong'oneza kuwa inafaa. Nimwamini kaka yupi? Kateremke ukaseme kule kule ulikosema, nami nitakuwa dirishani."

Alihangaika. Alikuja kwangu kuniomba niandike kwenye safu hii kwamba wataalamu wamegundua mapya, ili yeye apate pa kupitia. Nilimkatalia. Jioni moja, katikati ya mchezo, akaweka vipande vyake chini, akasimama. "Jamani," akasema, "mie nimechanjwa. Nimekwenda Mangapwani kwa siri, kwa sababu niliogopa kufa, na niliogopa nyinyi. Yale niliyokuwa nikiyasema sikuyajua. Nilikuwa nasema tu." Kulikuwa na kicheko, kisha matusi. Aliyetukana kwa sauti kubwa kuliko wote, aliyemwita kibaraka aliyenunuliwa, alikuwa mzee wa pili wa pango. Fundi fremu alimtazama, na hakumtaja. Nilimpenda siku ile, nasema wazi, na sikuwahi kumpenda hivyo kabla. Kisha mlango ukafunguka, Bibi akatoka kashajifunga buibui, akasema, "Haya, nipeleke." Barakoa alikuwa nayo mkononi.

Bibi yuko hai. Ndiye aliyetupikia watu wa msibani, na ndiye aliyemlilia kaka yake kuliko sote. Na pale makaburini, udongo bado mbichi, mzee wa pili alinivuta kanzu akaninong'oneza: "Unajua, mie nadhani ni ile chanjo iliyomuua." Miaka yote hii imepita, na yeye mwenyewe kachanjwa benchi moja na marehemu! Nilimuuliza tu mjukuu wake hajambo. Nilijua la kuuliza, maana mtaa mzima unajua kwamba mkwewe, mama wa mtoto, amekataa kumpeleka mtoto chanjo ya surua, na ukimuuliza sababu anasema, "Babu yake kasema."

Tumezoea kudhani kwamba watu wataelimishwa na mabango na madaktari. Hao wanafaa, lakini sumu iliyomwagwa na mtu unayemwamini huzolewa na huyo huyo, mahali pale pale, kwa sauti ile ile. Mzee wangu, unajijua, na sikutaji. Mtoto hajaugua bado. Njoo leo baada ya alasiri, dhumna tutaisimamisha. Mkweo atakuwa dirishani kwa Bibi; nimeshamwomba aje.