Mawe ya Dua kwenye Nguzo ya Bihi

Kijijini kwetu Tagnit mtu akikwambia amepima theluji, muulize kwanza alikuwa amekaa wapi. Bihi alipima akiwa juu ya paa la nyumba yake, gilasi ya chai mkono mmoja, darubini mkono wa pili. Ni binamu yangu na nampenda, lakini ukweli usemwe.

Ofisi ya maji ya mjini ilimpa kazi hiyo miaka kumi na tisa iliyopita. Walisimika nguzo kule juu, njia inapovuka mlima, wakaichora alama za sentimita, wakamwachia darubini ya kutumia siku za dhoruba tu. Mwanzoni alipanda kila Ijumaa. Goti lilipoanza kumuuma, kila siku ikawa ya dhoruba. Alisoma namba toka kwenye paa, akapiga simu, na kila mwaka, mwezi wa tatu, ofisi ikatuletea karatasi ya kutuambia mto utakuwaje kiangazi. Ikiwa nguzo imesoma zaidi ya mia, zamu za maji hufika mpaka mwisho wa mfereji. Ikipungua hapo, maji yanaishia kwenye miti ya mijozi, katikati ya mfereji, na wa chini shauri yao.

Wa chini kabisa ni Itto, dada yake Bihi, mjane. Ana kishamba kimoja cha viazi. Mara mbili maji yalimkatikia viazi vikiwa vichanga, na mara zote mbili aliuza ng'ombe apate kula. Sasa alibaki na mmoja, Mabaka, na baada ya Mabaka hakukuwa na kingine cha kuuza.

Mwaka jana, mwezi wa pili, Itto alisimama uani akapaza sauti kuelekea paani.

"We Bihi! Mlima una upara mpaka mawe yanaonekana, nguzo yako inasema ngapi?"

"Mia na kumi. Nenda kaandae mbegu."

"Mia na kumi ya nini, ya unga? Panda ukaone!"

"Dada, hii ni sayansi."

"Sayansi ya kunywa chai? Shuka hapo, mvivu mkubwa wewe!"

Alipanda. Mimi nilimfuata na nyumbu, maana goti lile nisingeliamini peke yake. Tulipofika, Bihi alichimbua theluji chini ya nguzo, akagusa jiwe. Akachimbua tena, jiwe. Lilikuwa rundo zima, limeimeza nguzo mpaka alama ya hamsini.

"Nani kafanya ushenzi huu?"

"Sisi," nikamwambia. "Wewe unavukaje mlima bila kuweka jiwe na kumwomba Mungu haja yako? Mimi niliweka manne nilipooa. Dada yako huweka moja kila kiangazi, kuomba theluji."

Bihi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu hesabu ikamfikia. Theluji ilikuwa sitini, mawe hamsini. Miaka yote ile mto ulipokauka mapema, tuliwaita watu wa kijiji cha juu wezi wa maji, na kuna mmoja nilimng'oa jino kwa sababu hiyo. Kumbe!

Akaanza kuyatoa mawe moja moja, goti linamlia. Alijua anachokifanya. Akituma sitini, anamkatia dada yake zamu kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo alituma sitini, kisha akaenda kwa Itto, macho chini.

"Umelitoa na langu?" Itto akauliza.

"Nimeyatoa yote. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Afadhali nilie leo kuliko mwezi wa saba na mbegu ziko ardhini."

Ofisi ikapiga simu. "Mzee Bihi, umeshuka hamsini kwa wiki moja. Umekosea."

"Nimetoa mawe."

"Mawe gani?"

"Ya dua."

"Mzee, kwenye fomu hakuna mahali pa dua."

Basi wakaitupa sitini yake, wakachukua wastani wa miaka iliyopita, yaani wastani wa mawe yetu. Karatasi ikaja na muhuri: maji tele. Kwenye kikao Bihi akasimama kupinga. Hammou, msimamizi wetu wa zamu, akamkatiza:

"Miaka kumi na tisa umekaa kwenye paa tukakuamini. Umepanda mlima mara moja tu, umeshatuharibikia!"

Watu walicheka, nami nikiwemo. Tukapanda viazi mpaka mwisho wa mfereji. Itto peke yake hakupanda viazi. Alisia shayiri ya majani, ikue kwa unyevu uliokuwapo, akamlisha Mabaka na kuyakausha yaliyobaki. Tukamwita mwoga.

Mwezi wa saba maji yaliishia kwenye mijozi. Viazi vyangu vilitoka vidogo kama kokwa za zeituni. Sokoni kila mtu alivuta ng'ombe wake na hakuna aliyetaka kununua. Na unajua tulimlaumu nani? Bihi, aliyeondoa mawe ya dua! Nilisema hivyo hata mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na uchungu.

Ofisi nayo ilimwachisha kazi kwa kuvuruga kumbukumbu. Wakaning'iniza kwenye nguzo mashine inayojipimia yenyewe umbali hadi kilichoko chini yake, kiwe theluji kiwe jiwe, ina kitaa chekundu kinachowaka na kuzimika. Kinamama walikipenda sana kile kitaa. Vuli ilipofika, kijiji kizima kilipanda kurudisha mawe, safari hii mawili mawili. Bihi alisimama njiani akitusihi tuyaweke pembeni, hatua kumi tu kutoka kwenye nguzo, Mungu atayaona. Aliyemsikiliza ni Itto. Mimi niliyaweka yangu nguzoni.

Wiki iliyopita karatasi mpya imekuja: msimu umeanza vizuri, theluji sentimita sabini. Hammou aliisoma kwa sauti tukapiga makofi, na jua lilikuwa kali.

Itto hakuja kikaoni. Alikuwa mlangoni akimsubiri kaka yake, aliyekuwa akishuka mlimani akichechemea, maana sasa hupanda kila Ijumaa bila mshahara.

"Ngapi?" akamuuliza.

"Hakuna kitu, dada."

Itto akaingia zizini, akampunguzia Mabaka majani.