Isale Alilopelekewa Jovin

Uzio wa masale ndio unaotenganisha migomba yangu na migomba ya nyumba anayoishi Mektrida, huku juu ya Kiboriloni. Tumezoea kuitana kupitia uzio huo, huyu akiomba chumvi, yule akirudisha kinu. Siku za kazi Mektrida hushuka sokoni kuuza nguo za watoto za mitumba, na akiita wateja utamsikia kabla hujamwona. Lakini kanisani alikuwa anakaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyeingia kujikinga na mvua.

Sababu ya benchi lile tuliijua wote katika jumuiya yetu. Mektrida na Jovin walikuwa wanaishi pamoja bila ndoa, kwa hiyo walikuwa hawapokei Ekaristi. Jovin ni fundi makochi mjini, mtu mpole sana. Mikono yake haitulii, ila mdomo wake umetulia mno. Mektrida akimgusia habari ya ndoa, jibu lake lilikuwa tayari siku zote.

"Tutafunga tu, Mama Doris. Subiri tumalize dari."

Dari likaisha. Akasema wasubiri kaka yake Primus apate nafasi ya kuja kutoka Dar. Primus akaja, akaondoka. Jovin akasema wasubiri mvua zipite. Hakuwa mwongo wala mhuni. Alikuwa mtu wa kuahirisha, basi, kama wengine walivyo wa kusahau.

Mambo yalibadilika mtoto wao Doris alipoanza mafundisho ya Komunio ya Kwanza. Siku moja wanakunja nguo za biashara, mtoto akauliza, "Mama, siku yangu tutapokea wote, mimi na wewe?"

"Ndiyo, mwanangu," Mektrida akajibu. Aliniambia baadaye kwamba neno lilimtoka tu, na lilipotoka akaona haliwezi kurudi.

Sasa, kwa wasio wa huku, niseme kidogo habari za isale. Ni mmea wa majani marefu ya kijani. Tunaupanda mipakani na makaburini kwa wazee wetu. Na ukimkosea mtu, ukitaka kumwomba radhi ya kweli, unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyepelekewa isale hakatai. Hata kama kosa ni la damu, hata kama moyo wake bado unachemka, akiliona jani lile anapokea. Tumekuta hivyo, na sisi tunaosali tumeendelea nalo, maana kusamehe ni amri ya Bwana pia.

Krismasi ile ukoo wa Jovin ulikusanyika kwa mama yao, Bibi Hilda, kama kawaida ya watu wa huku, nami nikaalikwa kwa ujirani. Kulikuwa na pombe ya mbege, nyama na kiburu cha ndizi na maharage. Watu wameshiba, watoto wanakimbizana kwenye kahawa. Mara Mektrida akatoka nyuma ya nyumba amevaa kitenge kipya, ameshika jani la isale lenye fundo. Akaenda moja kwa moja alipokaa Jovin, akapiga magoti.

Kelele zikakatika.

"Baba Doris," alisema, na sauti ile ya sokoni sijui aliiacha wapi, "nimekuwa nikikusema vibaya mwaka mzima. Nakuomba unisamehe." Akalinyoosha lile jani mbele. "Na nakuomba tufunge ndoa. Kabla ya Komunio ya mtoto."

Jovin alimtazama. Akamtazama mama yake. Akalitazama lile jani. Kisha akanyoosha mikono miwili, akalipokea.

"Sawa," alisema.

Vigelegele vikapasuka. Bibi Hilda akainuka na fimbo yake akitaka kucheza. Primus naye, ambaye hajui kuacha jambo lipite, akapaza sauti, "Jamani, leo Jovin kaposwa! Kaka, mahari yako ni mbuzi wangapi tuwaambie hao wakwe?"

"Mpunguzie," akadakia mke wa Primus. "Si unaona mwenyewe hana meno mawili?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakamwaga mbege. Mektrida akacheka pia. Jovin alikuwa anatabasamu kwa midomo, amelikunja lile jani mkononi, na mimi niliyekuwa karibu nikaona macho yake hayakuwamo katika kicheko. Nikadhani ni aibu ya wanaume.

Kuanzia hapo, Jovin akawa mtiifu. Sijui nilieleze vipi. Akiambiwa waende mafundisho ya ndoa, anakwenda. Akiambiwa apimwe suti, anapimwa. Kule mjini mafundi wenzake walimwita bibi harusi, wakawa wanamwuliza kama ameshasukwa, naye hakujibu, aliendelea kugonga misumari. Alikuwa na tabia ya kupiga mluzi asubuhi akinawa uso, na mimi nilikuwa nausikia nikiwa jikoni kwangu. Mluzi ule ukakoma.

Mektrida aliusikiliza ukimya huo kuliko mimi. Siku moja alinikuta nakata majani ya ng'ombe, akasimama upande wake wa uzio.

"Mama Denis, shikamoo."

"Marahaba. Mbona uso hivyo, na wewe ni mtu wa harusi?"

"Nimemwuliza avae tai ya rangi gani. Akasema, yoyote unayotaka. Mama, angekataa hata tai tu, ningepumua." Akalishika jani moja la isale kwenye uzio, akaliachia haraka kama limemchoma. "Nilijua hawezi kulikataa. Ndiyo maana nililikata. Ule msamaha niliutanguliza tu, ili nipate mlango."

Nilimwambia maneno ya kumtuliza. Nilimwambia Mungu anatumia njia nyingi, na kwamba wangapi wanaishi tu bila hata kuthubutu. Akaitikia kwa kichwa. Lakini moyo wake nadhani haukuyataka maneno yangu.

Baada ya Pasaka matangazo ya ndoa yao yakaanza kusomwa kanisani. Likasomwa la kwanza, likasomwa la pili. Pale sokoni wanawake wenzake wakawa wanamwimbia, "Mama mposaji, na sisi tufundishe!" Mwingine akamwuliza kama kwenye mzigo wake wa mitumba kuna waume wa saizi yake. Naye anawarushia maneno, wanacheka, kisha anainama kwenye nguo zake muda mrefu kuliko nguo zinavyotaka.

Kabla ya tangazo la tatu paroko anamwita kila mchumba peke yake, amwulize maswali. Mimi na mume wangu tulikuwa wasimamizi wao, kwa hiyo nilimsindikiza Mektrida, nikakaa nje kwenye benchi na rozari yangu. Nilitegemea achelewe. Sikumaliza hata fumbo la kwanza, akatoka, macho mekundu.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza. Aliniuliza kama kuna mtu yeyote aliyeshurutishwa katika ndoa hii." Akakaa kando yangu. "Nimeshindwa kusema hakuna. Nimemwambia, Padre, naomba nikazungumze kwanza na mwenzangu. Akasema nenda, tangazo litasubiri."

"Utamwambia nini Jovin?"

"Nitachukua isale langu. Twende wote, mama. Alilipokea mbele za watu, siwezi kulichukua mafichoni."

Nilitaka kumzuia. Ukweli ni kwamba nilifikiria gauni lililokwisha shonwa, na Doris, na Komunio yake ya Sikukuu ya Ekaristi iliyokuwa mlangoni. Lakini alikuwa ameshasimama.

Tulimkuta Jovin kwenye kibanda chake, amepiga magoti mbele ya kochi lisilo na kitambaa, mdomoni ameshika misumari midogo kama kawaida ya mafundi makochi. Alitupa mkono wa salamu. Mektrida hakungoja aiteme.

"Baba Doris, usiseme kitu, nisikilize. Nilikuletea isale nikijua huwezi kulikataa. Nilikufunga mbele ya mama yako. Nimekuja kulichukua. Mbele ya Mama Denis hapa nakurudishia neno lako. Isale lile halikufungi tena, na mimi sitakulaumu."

Jovin akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo.

"Siku ile nilikasirika," alisema mwishowe. "Tena sana."

"Najua."

"Hujui. Nimekaa na hasira mpaka juzi juzi. Ingekuwa si isale, ningekwambia subiri."

"Basi nilikushurutisha."

"Ndiyo. Ulinishurutisha."

Alilisema kwa upole wake uleule, na ndiyo maana liliuma. Mimi nilitazama chini kwenye mabaki ya sponji. Mektrida akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea mzigo anaoujua uzito wake.

"Lile jani liko wapi?" akauliza.

"Lilikauka. Nililiweka juu ya dari nisilione."

"Lichome."

Tukaondoka. Jovin hakutufuata.

Jumapili iliyofuata tangazo la tatu halikusomwa. Unajua kanisa lilivyo: hakuna aliyegeuza shingo, na wote walikuwa wanatazama nyuma. Bibi Hilda hakunisalimu nje, alidhani mimi ndiye niliyevunja. Nyumbani kwao hawakugombana. Jovin alikuwa analala, anakula, anakwenda kazini. Walikuwa wanapishana mlangoni kwa adabu kama wapangaji.

Sikukuu ya Ekaristi ikafika. Doris alivaa gauni jeupe na taji la maua. Asubuhi ile, mama yake alimsuka vizuri, kisha akampigia magoti, mtoto wake wa kumzaa, akamwambia, "Mwanangu, nilikuahidi tutapokea wote. Leo utakwenda mwenyewe. Kosa ni langu, si la baba yako."

"Wewe utakuwa wapi?"

"Nyuma. Nitakuona."

Nilikuwa nimekaa katikati ya kanisa. Wakati watoto wanapanda altareni na mishumaa yao, niligeuka, Mungu anisamehe. Mektrida alikuwa kwenye benchi lake karibu na mlango, amesimama wima ili aone vizuri, machozi yanatiririka wala hayafuti. Kitu chote kile alikifanya kwa ajili ya dakika hii, na sasa dakika inapita mbele yake bila yeye. Na Jovin, ambaye siku zote alizoea kusimama nje na wanaume wenzake chini ya mnara wa kengele, siku hiyo alikuwa amesimama kando ya benchi lile. Sikuona wakisemezana. Niliona tu kwamba alikuwa anamtazama yeye, si altare.

Kahawa ilipoanza kuiva, asubuhi moja nilikuwa nachuma karibu na uzio. Mektrida alikuwa upande wake anafunga mzigo wa kushuka nao sokoni. Nikamwona Jovin anatoka ndani amevaa shati safi, siku ya kazi. Akasimama mbele yake. Akaonyesha viganja vyake, hivi, vyote viwili.

"Mama Doris," alisema, "sina kitu mkononi. Sijaleta mbege kwa kaka zako, sijamwita mama, sijamwambia mtu. Nimekuja hivi ili uweze kukataa."

Mektrida aliacha kamba.

"Kukataa nini?"

"Nataka tufunge ndoa. Nauliza kama bado unataka."

Ningepaswa kuondoka, lakini ndoo ilikuwa imejaa na mguu haukutaka kuondoka.

"Na nikikataa?" Mektrida akauliza.

"Nitakwenda mjini nikamalize kochi la watu. Jioni nitarudi, nitakuuliza kesho."

"Wewe? Wewe wa subiri dari?"

"Mimi."

Ndipo nikasikia kicheko, kicheko chenye kilio ndani yake, na Mektrida anasema, "Ndiyo, Baba Doris. Ndiyo, nataka." Kisha kwa sauti ya sokoni, "Mama Denis, toka huko kwenye kahawa, tunakuona!"

"Shikamoo Mama Denis," akasema Jovin.

"Marahaba, baba. Nilikuwa nachuma."

"Tumeona unavyochuma."

Tangazo la tatu lilisomwa, ndoa ikafungwa Misa ya asubuhi, bila muziki mkubwa. Paroko alipouliza kama wamekuja kwa hiari yao, Jovin aliitika haraka na kwa nguvu mpaka watu wakacheka. Mektrida aliitika polepole. Siku hiyo alipokea Ekaristi pamoja na mumewe, na Doris aliyekuwa mbele yao kwenye mstari akageuka kuhakikisha kwamba mama anakuja kweli.

Mluzi nausikia tena asubuhi. Lakini Mektrida hajaponyeka kabisa. Siku uzio unapohitaji kupunguzwa, ananiita mimi nije na panga. Yeye hushika shina, hulisogeza, huzoa majani yaliyoanguka, ila kulikata isale hakati.

"Kata wewe, mama," huniambia. "Mkono wangu bado una haya nalo."

Nami nakata, yeye anazoa.