Mtu Aliyesoma Herufi Mojamoja

"Nani alikuambia?"

Mama Kanini aliniuliza hivyo akiwa mlangoni pa chumba cha pampu, ndoo tupu mkononi. Nimekaa chuo kikuu miaka minne. Siamini majini. Siamini aimu, wale wazee waliokufa ambao susu, nyanya yangu, huwamwagia uji kidogo chini kabla hajaonja wake. Hata kanisani huwa nabishana na padri kimoyomoyo. Kwa hiyo ukiona naandika haya, jua siandiki kwa kupenda. Yalitokea, tena mchana, jua likiwaka.

Juu ya Mitaboni, kwetu, kuna kisima kirefu kinachosukuma maji hadi matangi ya vijiji sita. Kila tangi hutuma ujumbe wa simu kueleza lina maji kiasi gani, na kompyuta iliyo kwenye chumba cha pampu husoma ujumbe huo na kuamua valvu ipi ifunguliwe. Programu ya kufanya kazi hiyo iliandikwa zamani, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na mwalimu mstaafu wa hesabu aliyeitwa Kioko. Sikuwahi kumwona. Kamati ya maji iliponiajiri, alikuwa ameshazikwa.

Kompyuta ilikuwa kuukuu, feni yake ikikohoa kama mzee wa kifua. Nikaishawishi kamati tuweke mpya. Nikahamisha msimbo wa Kioko, yaani maandishi aliyoyaandika yeye mwenyewe, nikijua nitaijenga programu upya kutoka kwenye maandishi hayo. Ile programu iliyokwisha kujengwa, iliyokuwa ikifanya kazi kila siku, sikuihamisha. Ya nini? "Mwenye mbegu habebi mabua," niliwaambia, wakacheka, nami nikajiona mjuzi. Nikaifuta diski ya zamani yote, na jioni ile mashine ikaenda kwa mtu wa vyuma chakavu.

Asubuhi programu ikakataa kujengeka.

Nitaeleza kwa ufupi. Kioko alitegemea chombo cha zamani kilichomo kwenye maktaba ya C, ile ambayo programu huazima zana zake. Chombo hicho kazi yake ni kutafuta ruwaza: unakieleza sura ya maneno unayoyataka, nacho kinayasaka ndani ya ujumbe. Mashine mpya iliniambia njia hiyo haipo tena, nitumie ya kisasa. Haya, nikaandika upya kwa njia ya kisasa. Programu ikajengeka. Pampu ikawaka, ikanguruma dakika nne, ikazima. Nikaiwasha, ikazima tena. Tulijaribu kuendesha valvu kwa mkono, lakini hakuna aliyejua tangi lipi limejaa, na bomba la kijiji cha pili likapasuka.

Ulikuwa mwezi wa tisa, ukame umekaza. Siku ya pili watu walipanga mitungi kuanzia mlangoni hadi barabarani.

"Injinia," Muthama mwenye punda aliniita, "hiyo digrii yako iko na lita ngapi?"

"Mwachie kazi," mama mmoja akasema.

"Si namwachia! Punda ndiye anauliza."

Walicheka. Mimi sikucheka. Saa kumi jioni Mama Kanini, mwenyekiti wa kamati, alikuja kuniambia susu ameteremka mtoni kufukua maji. Mto wetu ukikauka, wanawake huchimba mchangani hadi maji yajitokeze. Susu hakuwa amefanya kazi hiyo tangu kisima kianze. Alichimba shimo lililomfika kiunoni, ukingo ukamporomokea, nyonga ikavunjika.

Kutoka hospitalini nilirudi moja kwa moja kwenye chumba cha pampu. Unadhani ningekwenda wapi? Nyumbani hakukuwa na maji ya kumpelekea susu aoshwe mchanga uliokuwa bado kwenye nywele zake.

Siku ya tatu, saa nane mchana, nilikuwa sakafuni nimezungukwa na karatasi za msimbo wa Kioko. Mtu akaingia. Mzee mwembamba, koti la rangi ya kahawia, kalamu mbili mfukoni. Nikadhani ni wa kamati.

"Habari, mzee."

Akasimama katikati ya chumba.

"Unatafuta nani?"

Hakunitazama. Nilimwuliza mambo matano au sita, nikapandisha sauti, hata nikamwambia atoke. Ilikuwa kama kuita kwenye nyumba iliyohamwa. Basi nikampuuza, nikaendelea kusoma msimbo kwa sauti, kama nifanyavyo nikikwama. Hapo ndipo akageuka.

Akachuchumaa, akaweka kidole kwenye karatasi. Niamini, mpaka leo nakiona kile kidole. Kiligusa herufi moja. Akainua shingo akaichungulia inayofuata, kisha akarudi kwenye ile ya kwanza, kama mtu aliyechukua kitu kisicho chake. Akasogea moja. Akachungulia. Akarudi. Je, unajua chombo cha zamani kilivyofanya kazi? Ndivyo hivyo. Kilidai mwandishi akifundishe mwenyewe namna ya kuchukua herufi, kuchungulia ijayo, na kuirudisha. Nilikuwa nimeyasoma maagizo hayo siku tatu bila kuyaona.

Kidole kikasimama kwenye mstari wa alama mbili: moja huonyesha mwanzo wa maneno yaliyopatikana, nyingine mwisho wake.

"Ikikosa, haifuti," alisema. Sauti ilikuwa kavu, ya darasani. "Tangi la nne betri yake ni mgonjwa, mwiitu, binti yangu. Likinyamaza, shika la mwisho lililosema."

Nikainamia karatasi. Kweli tupu! Kila tangi lilisomwa na nakala yake ya programu, na ujumbe ukija umekatika, chombo cha zamani kiliziacha alama palepale, zikiendelea kuonyesha ujumbe wa mwisho uliosomeka. Kioko alijenga juu ya tabia hiyo. Njia yangu ya kisasa ilikuwa ikizifuta alama kila inapokosa, programu ikadhani haijui lolote, na pampu ikajizima isije ikaungua.

Nilipoinua kichwa kumshukuru, chumba kilikuwa na mimi peke yangu. Nikatoka mbio.

"Mzee ameelekea wapi?"

"Mzee gani?" Muthama alijibu. Alikuwa ameketi juu ya mtungi wake, hatua mbili kutoka mlangoni.

Niliandika mistari saba, nikaijenga programu. Pampu ikawaka. Dakika nne zikapita, kumi zikapita, na huko nje nikasikia vigelegele. Ndipo Mama Kanini akaja na ndoo yake akitaka kujua ubovu ulikuwa wapi. Nikamweleza habari ya tangi la nne.

"Nani alikuambia? Hiyo ya tangi la nne Kioko alikuwa anatuambia sisi tu."

Nikamweleza lile koti na zile kalamu. Hakushtuka, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Huwa anakuja," alisema. "Kwangu, kwa mke wake. Lakini sisi alitujua akiwa hai. Wewe ulimwitaje?"

Nimetafuta maelezo. Uchovu, njaa, siku tatu bila usingizi. Pengine nilikuwa nimeshajua jibu na akili ikalivika koti. Siku nyingine hilo linanitosha. Siku nyingine, nikiwa kwetu, susu akipita uani na magongo yake, hatua moja, pumziko, hatua moja, naingia ndani nisimwone. Hajawahi kunilaumu. Huniuliza tu kama maji bado yapo.

Nawe unayesoma, ukirithi kazi ya mtu aliyelala kaburini, usifute kinachotembea kwa sababu tu unajua kilivyoandikwa. Kwanza kiache kitembee.

Miaka ilipita, nikahamia kazi nyingine Syokimau, na mchana mmoja nikasoma maelezo ya watunzaji wa ile maktaba ya C. Chombo cha zamani hawakukiondoa. Waliwafungia mlango wageni tu, wanaotaka kujenga programu mpya. Ndani walikiacha palepale, ili programu zilizojengwa kabla zikikiita, kiendelee kuitika. Ile programu niliyoifuta ingefanya kazi kwenye mashine mpya asubuhi ileile, bila kuguswa hata herufi moja.