Muuaji Niliyemtunga Mwenyewe

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Dutwa kumaliza matanga ya bibi yangu, nikamkuta binti wa kaka yangu amejikunja pembeni na simu yake, hasikii hata akiitwa. Nikamuuliza anasoma nini. "Riwaya, shangazi. Kuna inspekta anatumia uchawi kukamata wauaji. Tamu hiyo, acha tu!" Nikamwambia aweke simu akasaidie kuosha vyombo. Alinishangaa, maana siku zote mimi ndiye shangazi wa kumnunulia vitabu. Sasa ningemwelezaje mtoto? Wewe nitakueleza, ndugu yangu, maana nimechoka kulibeba peke yangu.

Nilikuwa darasa la tano, nikilelewa na bibi. Pamba ilikuwa imeshavunwa, imelundikwa uani, na wanawake wa jirani walikuja kusaidiana kuichambua: iliyo safi huku, fifi, ile yenye madoa na takataka, kule. Kazi yenyewe inaua mgongo, na vumbi lake likikuingia puani utapiga chafya mpaka machozi. Bibi aliwachemshia michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa juani, wakala na karanga na maziwa ya mgando. Harufu ile mpaka leo sijaikuta kwenye jiko lolote la mjini, na nimejaribu.

Mwalimu wetu, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi kwetu, alikuwa na sanduku la riwaya chini ya kitanda. Aliniazima moja iliyochakaa, akanionya mapema: "Kurasa za mwisho hazipo. Hata mimi sijui nani aliua." Ilikuwa ya upelelezi na uchawi kwa pamoja. Tajiri kakutwa amekufa chumbani, mlango umefungwa kwa ndani, na inspekta aliyeitwa ana kipaji cha kusemesha kuta. Anaweka sikio, ukuta unamweleza ulichokiona. Ila kuta za chumba kile zilikuwa zimerogwa, zikawa bubu.

Bibi akasema niwasomee wachambuzi ili siku ziende. Basi nikasoma, na pale Kiswahili kilipokuwa kigumu nikageuza kwa Kisukuma. Weee! Ua ukawa mahakama. Huyu anasema ni mke mdogo, yule anaapa ni mpishi, pamba inasahaulika mikononi mpaka bibi agombe. Sijawahi kuwa mtu mkubwa kama nilivyokuwa wiki ile.

Aliyesikiliza kuliko wote alikuwa jirani yetu, kizee mjane aliyeishi peke yake nyuma ya zizi letu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe kikavu, maana kuni kwetu ni shida, na alichambua kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umepinda. Kila tukimaliza alinifuata: "Mwanangu, huyo bwana wa kuta, kesho atampata?" Alinipenda yule mjane. Alikuwa akiniletea karanga kwenye pindo la kanga yake, mimi tu, wajukuu wengine hawapewi.

Siku ya mwisho nikafika pale kitabu kilipokatikia. Ningesema tu kwamba kurasa hazipo. Wangenizomea kidogo, tungecheka, yangekwisha. Lakini kimbelembele, ndugu yangu! Wanawake wazima wameacha kazi wananitazama mimi mdomoni. Nikashika ukurasa wa mwisho uliobaki nikajifanya nasoma. Nikasema muuaji, aliyeziroga zile kuta, ni kizee mjane aliyekuwa akimpelekea tajiri maziwa. Macho mekundu. Anatumia mkono wa kushoto. Usiniulize kwa nini yeye. Nilihitaji mtu, nikainua macho, na yeye ndiye aliyekaa mbele yangu.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akaguna, "Mh!" akasogeza kigoda chake pembeni. Jirani akaendelea kuchambua, kichwa chini. Bibi akanituma maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Wale wanawake hawakuwa wajinga, nisieleweke vibaya. Lakini kitabu walichokijua ni cha shule, cha kanisani au cha zahanati. Kwamba mtu mzima anaweza kukaa akatunga uongo, ukachapwa, watu wakausoma kwa raha, hilo hakuna aliyekuwa amewaambia, na mimi niliyelijua nilinyamaza. Mvua za kwanza zilipoanza, ndama wa watu watatu wakafa. Nikasikia kisimani: "Hata kitabu cha mwalimu kilisema." Mwalimu alikuwa ameshahamishwa, wa kumuuliza hayupo. Watu wakaacha kupita kwa jirani kumsalimia. Mawe yakaanza kurushwa juu ya nyasi za paa lake.

Mwanawe akaja na baiskeli kutoka Kasoli kumchukua. Godoro likafungwa nyuma, sufuria mbili zikaning'inizwa kwenye usukani. Kabla ya kuondoka, jirani alikuja uani kwetu, nikiwa peke yangu nabangua karanga.

"Mwadila, mwanangu," akanisalimu kwa Kisukuma, kisha akachuchumaa. "Wewe umesoma. Kile kitabu kilisema vile kweli? Macho mekundu, mkono wa kushoto?"

Bibi alikuwa ndani, na niliogopa fimbo yake. Fimbo tu, hakuna kingine.

"Ndiyo, bibi. Kimeandikwa."

"Sasa hao walioandika," akasema, "waliniona wapi? Mimi hata Mwanza sijafika."

Siku hizi pale palipokuwa na nyumba yake pamelimwa alizeti. Zizi letu halipo, ua umejengwa fremu za maduka, na mtoto akisoma anasoma peke yake, kimya, kwenye simu. Wale wachambuzi karibu wote wametangulia. Nimeona uchungu kwa hayo yote, lakini kusema kweli nilipata pia nafuu mbaya, kwamba hakuna tena anayekumbuka.

Kumbe yupo. Mwana wa yule jirani alikuja kwenye matanga, mzee sasa, akaniambia mama yake alifariki zamani huko Kasoli. Akaanza kusimulia vituko vyake, kama watu wanavyofanya msibani ili kupunguza huzuni. Alisema mpaka siku zake za mwisho mama alikuwa akisimamisha watoto wanaotoka shule, wamfungulie vitabu vyao, wamtazamie kama bado ameandikwa. Wakimwambia hayumo, hakubali. "Angalieni kule mwishoni," anawaambia. "Angalieni vizuri."

Waombolezaji wakacheka. Mimi nikacheka nao.