Roboti Iliyomkataa Wagiyem

Wagiyem wa Salatiga alikuwa na jina moja tu, na lilimtosha. Kwa Wajawa, watu wa kisiwa cha Java huko Indonesia, hilo si ajabu. Alizaliwa siku ya Wage, moja ya siku tano za juma la Kijawa, mama yake akampa jina la siku, basi. Wenzake wa mjini walimcheka kuwa lina harufu ya zizi. Yeye akalibeba hadi chuo kikuu, hadi ofisini, akarudi nalo kwao kutunza kompyuta za maktaba ya mtaa.

Maktaba ilitumia programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua, kuzirekebisha, na kuwapelekea wanaozitunza kazi yake bure ili wote wafaidike. Watunzaji hao walitapakaa nchi za mbali, ambako bila shaka umeme haukatiki, maana kila mvua ya Salatiga ilipouzima, programu ilisahau nani kaazima nini na nani karudisha. Watoto wakadaiwa vitabu vilivyokwisha kurudi rafuni.

Wagiyem hakukurupuka. Alisoma mwongozo wa wageni, akaeleza kasoro kabla ya kugusa kitu, akachukua nakala yake, akarekebisha mistari michache ya programu iliyochelewa kuhifadhi kumbukumbu. Akaijaribu kwa kuchomoa waya ukutani tena na tena, mpaka mumewe akamuuliza ana ugomvi gani na soketi. Mradi wa programu hiyo ulitaka kila kazi itiwe sahihi kwa jina halisi. Akaandika Wagiyem, akatuma.

Roboti ya mradi, yaani programu ndogo inayokagua sahihi kabla mtu hajaitazama kazi, ikaitupa nje papo hapo. Ilidai jina halijakamilika, la ukoo halipo.

Mtunzaji mmoja, Joost, mtu mpole, akamwandikia kuwa kazi ni safi na angeipokea siku hiyohiyo, ilimradi ajaze jina la pili, lolote lile. Prasojo, mumewe, naye hakuona taabu iko wapi.

"Andika Wagiyem Wagiyem, mama Galih. Mimi kwenye pasipoti si waliniandika Prasojo Prasojo?"

"Na wewe ukanyamaza."

"Ningefanyaje? Nilitaka kusafiri."

"Wanataka jina halisi, halafu wananiambia nitunge. Nitie sahihi uongo?"

"Hapa kwetu umeshatengeneza. Maktaba za wenzio je? Zikose dawa kwa kiburi chako?"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Lakini mkataa kwao mtumwa, na Wagiyem hakuzaliwa kuwa mtumwa wa kisanduku kinachotaka kujazwa.

Katika miradi hii, anayelalamika huambiwa alete kiraka, yaani rekebisho alilolitengeneza mwenyewe. Akakileta. Aliibadilisha kanuni ya roboti yenyewe ili jina moja litoshe, akatia sahihi, akatuma. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: roboti ikakikataa na hicho, kwa sababu aliyetaka kuitibu hakuwa na ukoo.

Joost akajitolea kukitilia sahihi yeye. Wagiyem akamjibu hadharani, pale wanaposoma washiriki wote:

"Asante, kaka Joost, lakini usinisainie. Jina langu limekamilika. Kilichopungua ni kanuni yenu. Kama kazi yangu ni mbovu, ikataeni kwa ubovu wake. Kama ni nzuri, ipokeeni pamoja na mimi."

Wakamvamia. Wengine walisema kanuni inazuia wezi wa kazi za watu, mwingine akamtaka apeleke siasa zake kwingine. Aliwauliza jina la ukoo limewahi kumzuia mwizi gani. Aliumia, asikudanganye mtu, lakini hakufuta neno.

Ndipo akaandika Ngadiman Ngadiman, mmoja wa watunzaji wakubwa, ambaye jina lake lilijaa karibu nusu ya programu ile. Alisema kwao ni Wonogiri, Java hukohuko. Ngadiman wa pili alimwongeza mwenyewe siku aliyojiunga, kwa kuona haya kubishana na wageni, na tangu hapo watu humwita kwa jina la mtu asiyekuwepo. Hakuhubiri zaidi. Aliipita roboti kwa mamlaka yake, akazipokea kazi zote mbili.

Prasojo alisogeza kiti, wakasoma pamoja. Katika orodha ya waliochangia liliandikwa Wagiyem, bila kitu mbele wala nyuma. Chini yake ikaingia kazi ya tatu, ndogo mno, ya kufuta neno moja katika orodha hiyohiyo ya majina. Roboti ikaikagua, ikaipitisha. Sahihi yake ilikuwa Ngadiman.